Kiganja cha Ndiyo, Kiganja cha Hapana

Jumatatu, 13 Novemba 2023

Nimepata wazo. Kubwa kuliko yote ya mwaka huu, na mwaka huu nimepata mengi.

Asubuhi nilikuwa kwa fundi baiskeli. Redio yake ilikuwa na mjadala: je, bhangi iruhusiwe kisheria au isiruhusiwe? Watu walipiga simu kutoka Mbeya, Arusha, Dar. Mmoja alisema kuna nchi wameiruhusu kwa ajili ya dawa. Mwingine alisema wapiga simu wote wapelekwe polisi. Nikasubiri simu ya kutoka Simiyu. Haikuja. Kipindi kikaisha, wakapiga muziki. Mkoa mzima, na hakuna aliyetuuliza!

Saa saba mchana nikapanda juu ya kichuguu changu kule shambani. Ndipo ninapofikiria. Upepo ulikuwa wa moto, vumbi linazunguka na kutembea peke yake kuelekea Maswa. Nikafumba macho kidogo. Nikaliona shamba lote limekuwa kijani, eka mbili, majani yananong'ona. Halali kabisa. Lori limesimama barabarani likisubiri. Mimi nimevaa koti jeupe lenye kalamu nne mfukoni. Mbali njiani mama mkwe anapita, anasimama, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mbuzi akanilamba sikio, nikaamka. Lakini nilikuwa nimeshaona.

Sheria ikibadilika, atakayefaidi ni mwenye shamba tupu lililolimwa tayari. Mimi ninalo. Na sheria itabadilikaje kama wakubwa hawajui maoni ya wananchi? Kwa hiyo nitayakusanya mimi, Fredrick Ndaki. Nitayapeleka juu. Hadi Krismasi mambo yatakuwa yameiva.

Nilimweleza Generoza, mke wangu. Aliuliza kama hicho kitu kinaruhusiwa leo. Nikasema leo bado. Akasema pamba inaruhusiwa leo. Nampenda mke wangu, lakini macho yake yanaishia pale jembe linapoishia.

Kesho anakwenda Ipililo kumchukua mama yake, Mama Nyanjige. Shamba hili ni la huyo mama. Alilinunua kwa ng'ombe wanne alipofiwa na mume, akatukabidhi tulilime, na kila mwaka mvua ya kwanza ikinyesha anakuja kulitazama. Mwaka jana alisema akilikuta tupu hata siku moja atampa Mayige, mtoto wa kaka yake. Mayige ni katibu wa AMCOS, chama chetu cha wakulima wa pamba. Ana viatu vya ngozi. Tusiongee sana kuhusu Mayige.

Generoza ametundika mlangoni kamba ya kupandia, ile yenye mafundo. Chini yake ameweka kiroba cha mbegu za pamba, mgao wetu wa msimu. Amesema tone la kwanza likidondoka, nipande. Nikasema ndiyo. Sikusema ndiyo kwa lipi.

Jumanne, 14 Novemba

Generoza ameondoka na basi la asubuhi. Nyumba kimya. Mawingu mepesi upande wa Serengeti, yamekaa tu, hayana haraka. Kama mimi.

Nimeutengeneza utafiti. Tatizo ni moja: neno bhangi likitajwa, watu wanaangalia nyuma. Nani atasema wazi? Kwa hiyo jibu lazima liwe la siri na lisiwe na maneno. Nimeweka mtungi mkubwa ndani ya ghala. Kila mtu atapewa punje ya pamba na punje ya mahindi. Pamba maana yake ndiyo, iruhusiwe. Mahindi maana yake hapana. Ataingia peke yake, ataiacha moja mtungini, na nyingine ataondoka nayo mfukoni, ili hata mimi nisijue. Majina naandika kwenye daftari. Safi! Sijui kama hata Dodoma wanafanya hivi.

Mbegu za pamba nimechota kwenye kiroba. Zipo nyingi.

Mtu wa kwanza kumjaribu alikuwa Mzee Maganga, katekista mstaafu. Nikamwekea punje moja na punje moja kiganjani. Akaziangalia muda mrefu. Kisha akauliza, kwa upole sana, kama nimemfananisha na kuku.

Nikaona haya mpaka masikioni. Nilisahau kabisa! Huku kwetu humpi mtu mzima punje moja. Ukimpa punje moja umemwambia thamani yake ndiyo hiyo. Ugomvi wa koo mbili kule Mwandoya ulianza hivyo hivyo, na mpaka leo hawazikani. Nikamwomba radhi, nikampa upya kwa mikono miwili: kiganja kilichojaa cha pamba, kiganja kilichojaa cha mahindi. Akashukuru. Wabeja, akasema, na uso ukafunguka.

Basi itakuwa viganja. Utafiti mzuri lazima uheshimu watu.

Jioni Mayige alipita. Nilidhani atanicheka. Hapana! Alisikiliza hadi mwisho, akasema ni jambo zito, la kitaifa. Akasema nisiharakishe. Akasema pamba inaweza kusubiri, maoni hayasubiri. Nimekuwa nikimwelewa vibaya mtu huyu miaka yote?

Jumatano, 15 Novemba

Siku ya kwanza. Nimechoka, nimefurahi, nimevunjika moyo. Kwa mpangilio huo.

Watu walikuja! Niliwaambia watu watatu tu kisimani, na hadi saa nne kulikuwa na mstari kutoka ghalani mpaka kwenye zizi. Kumbe wananchi wana kiu ya kuulizwa. Kila mmoja alipokea viganja vyake kwa mikono miwili, akainama mlangoni, akaingia, akatoka na mfuko umetuna.

Wengine walinipa na maoni ya mdomo, bila kuulizwa. Mzee Maganga alisema pombe peke yake imewashinda, mnataka kuwaongezea mzigo. Fundi baiskeli alisema vitu vyote vikiruhusiwa havina utamu. Kijana mmoja wa bodaboda alisema yeye anauliza kwa niaba ya rafiki yake. Mfugaji aitwaye Mayunga, aliyekuwa anapita na ng'ombe wake kutoka Mwandoya, aliuliza swali moja tu: ng'ombe wanaila? Nikasema sijui. Akasema kama wanaila iruhusiwe, kama hawaili mnabishania nini.

Mayige alipiga kura pia. Alipotoka alinishika bega akasema imebidi aseme hapana, kwa uchungu, kwa ajili ya kizazi kijacho. Mfuko wake wa shati ulikuwa umejaa, na wa suruali.

Saa kumi nikaupindua mtungi juu ya turubai. Mahindi. Mahindi. Mahindi. Watu sabini na mmoja, na ndiyo zilikuwa tatu: viganja vitatu vya pamba vimejikunja katikati ya mahindi kama vifaranga vya kware. Kimoja ni cha Mayunga, maana alitoka anatafuna mahindi.

Simiyu haitaki. Nimekaa juu ya kichuguu nikitazama shamba. Koti jeupe nimeliona likienda mbali, kalamu zote nne.

Kiroba kimefika nusu.

Alhamisi, 16 Novemba

Generoza alipiga simu. Je, imenyesha? Nikasema mawingu tu. Je, mbegu zipo salama? Nikasema zinafanya kazi. Akasema salamu kwa mbuzi.

Mchana wote nimelala chali juu ya kichuguu. Anga limeshuka chini, la kijivu, laini, ungeweza kuligusa kwa fimbo. Joto linakuimbia. Katika hali ile, nusu macho nusu usingizi, ukweli ulinijia wenyewe, ukakaa kifuani kwangu.

Watu hawakuikataa bhangi. Waliipenda pamba!

Ni hivi. Mwaka huu mbegu za AMCOS ziliisha mapema. Mayige alifunga dirisha wiki mbili zilizopita, nusu ya kijiji ikarudi na mifuko mitupu. Sasa mtu ana kiganja cha mbegu za pamba mkono huu na kiganja cha mahindi mkono huu, na mvua inakaribia. Utafiti wangu unamwambia: acha kimoja. Ataacha kipi? Mayunga hana shamba huku, ndiyo maana yeye aliacha pamba.

Mimi ni mtu wa akili. Nasema hivyo kwa sababu hakuna mwingine wa kunisemea, Generoza yuko Ipililo.

Dawa ni rahisi. Kesho narudia, lakini nageuza. Mahindi yatakuwa ndiyo. Pamba itakuwa hapana. Hapo ndipo tutajua moyo wa mwananchi.

Ijumaa, 17 Novemba

TISINI! Ndiyo tisini! Kati ya tisini na nne!

Sijui niandike nini. Kwa siku mbili tu mkoa umebadilisha mawazo. Mstari ulifika barabarani. Wa juzi walirudi wote, na wengine wamekuja kutoka vijiji vya pili, na vikapu. Mayige naye alirudi. Alisema amelala akatafakari, ameona nuru, sasa anasema ndiyo. Hata Mayige! Hata Mzee Maganga, katekista, aliacha mahindi mtungini. Nilimuuliza kama amebadilika. Akasema yeye hajabadilika chochote, ila amekuja na mfuko mkubwa zaidi. Wazee wana mafumbo.

Niandike pia jambo moja lisilopendeza.

Apolonia alikuja mwisho. Ni mjane, anakaa karibu na kisima, na mwanaye ni Mihayo, yule anayekaa ukutani siku nzima akihesabu vidole. Nilimnyooshea viganja viwili. Hakuvipokea. Alisimama tu na mikono ndani ya khanga. Akaniambia kwamba Mihayo alikwenda Mwanza akiwa fundi seremala, alimtengenezea meza, na alirudi hivi alivyo. Akasema madaktari walimwambia ni bhangi, na wengine wakamwambia ni mambo mengine, na yeye hajui, na kutojua ndiko kunakomchosha.

Kisha akasema, "Wewe Ndaki unauliza iruhusiwe au isiruhusiwe. Mimi nyumbani kwangu haikuomba ruhusa."

Nilishika zile mbegu mikononi, zikaanza kulowa jasho. Aliaga vizuri, akaenda zake polepole. Nilifikiri kuufunga mtungi.

Baadaye nikakaa, nikatulia. Kwenye daftari nimemwandika: hajaamua.

Kiroba kimekwisha. Nimekikung'uta, zimetoka punje sita.

Jumamosi, 18 Novemba

Nimekwenda na matokeo kwa mtendaji wa kijiji, Bi Jenifer. Ni binti mdogo, ameletwa mwaka huu, ana miwani na hakai bila kalamu. Ofisi ilikuwa na mwanga wa ajabu, wa njano, kabla ya mvua. Nikaona kama nimeshafika Bungeni.

Alisoma daftari langu lote. Akauliza kibali cha kufanya utafiti kiko wapi. Nikasema kibali ni wananchi wenyewe. Akauliza kama nina mche hata mmoja mahali popote, maana mche mmoja leo ni kesi na jela. Niliapa sina. Nilimwambia mimi ni mtu wa maoni, si wa miche. Akaonekana kuniamini. Mtu akiniangalia vizuri huwa ananiamini.

Kisha akavua miwani, akasema, "Ndugu Ndaki, hawa watu usiniambie waliacha nini. Niambie waliondoka na nini."

Nikasema hilo ni siri ya mpiga kura. Akaniangalia. Nikamwomba mhuri. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alichoka, akapiga: IMEPOKELEWA. Wino wa zambarau! Imepokelewa!

Nilikuwa njiani narudi mvua ilipoanza. Kwanza harufu. Ile harufu ya udongo unapoamka, inayokupita puani ikaenda moja kwa moja utotoni. Kisha matone makubwa, yametengana, kila moja linatoboa vumbi. Kisha yote kwa pamoja. Nilitembea polepole kabisa, daftari chini ya shati. Ilipokatika, kijiji chote kilitoka kwa wakati mmoja na kamba na majembe. Kila shamba lilikuwa na watu wameinama, wanafukia, wananyanyuka. Mifuko yao ilikuwa imetuna. Ukungu mwepesi ulikuwa unapanda kutoka ardhini hadi magotini kwao, na walionekana kama watu wanaopanda mawingu. Nilisimama nikafurahi kwa ajili yao.

Nilifika kwenye shamba letu. Eka mbili, tupu, zimelowa, zinang'aa. Ndipo nikawaza: hizo mbegu wanazopanda zimetoka wapi?

Simu ya Generoza ikaingia. Imenyesha mpaka Ipililo. Wanakuja kesho.

Jumapili, 19 Novemba

Wamefika. Naandika nikiwa nyuma ya ghala.

Kwetu mkwilima, yaani mkwe wa kiume, hasimami mbele ya mama mkwe. Humshiki mkono, huli naye, mkikutana njiani unaingia porini mpaka apite. Mila nzuri sana. Leo nimeiheshimu kuliko siku zote. Niliposikia sauti yake njiani niliingia nyuma ya ghala, nikakaa.

Niliwaona wakienda shambani moja kwa moja, kabla hata ya maji ya kunywa. Mama Nyanjige na fimbo yake, amevaa koti la marehemu mumewe. Alisimama ukingoni. Muda mrefu. Akainama akachota udongo, akauminya, akauacha udondoke. Generoza alikuja nyumbani mbio, akakuta kiroba kimekunjwa vizuri chini ya kamba. Nilikikunja mimi mwenyewe, kwa heshima.

Mayige alitokea wakati huohuo, viatu vimeng'arishwa, kumsalimu shangazi yake. Nilimsikia vizuri. Alisema amesikitika. Alisema alinisihi nipande. Alisema udongo kama huu haustahili mateso haya, na yeye yuko tayari kubeba mzigo.

Mama Nyanjige alisema amesikia. Alisema atampa Generoza hadi keshokutwa, kwa kuwa ni mtoto wake, na baada ya hapo shamba ni la Mayige. Kisha akamwambia mke wangu, si kwa hasira, na ndiyo maana iliniuma:

"Nilidhani nimekuozesha kwa mtu. Kumbe nimekuozesha kwa usingizi."

Nilijisikia vibaya. Sio vibaya vya kawaida. Vibaya vya kuangalia miguu yako na kuona si yako. Lile shamba Mama Nyanjige alilipalilia peke yake, na watoto saba, na hakuwahi kulala juu ya kichuguu chake hata siku moja. Na Generoza hakulia. Alikaa kizingitini na kamba yenye mafundo mapajani, akipitisha fundo moja baada ya jingine kwenye vidole, kama anasali rozari.

Nikatoka nyuma ya ghala, nikapita upande wa mbuzi ili mama asinione, nikampa Generoza daftari. Nilifikiri mhuri utampoza. Nikamwonyesha: imepokelewa.

Hakuangalia mhuri. Alifungua ndani. Akasoma jina la kwanza, la pili, la tatu. Akafunua ukurasa. Akauliza kama kila aliyeandikwa hapa alipewa kiganja kizima. Nikasema kizima, kwa mikono miwili, isipokuwa Apolonia. Akauliza kama nina uhakika sijamsahau mtu. Nilikasirika kidogo. Mimi ni mtafiti!

Akasimama, akamwita mama yake.

Jumatatu, 20 Novemba

Wamezunguka nyumba kwa nyumba tangu asubuhi. Generoza anasoma jina na tarehe. Mama Nyanjige anasimama mlangoni, ameegemea fimbo. Mimi niliwafuata kwa mbali, nikijificha kwenye mikonge, kwa sababu ya mila.

Hakuna aliyebisha. Utabishaje? Jina lako lipo, na bibi kizee amekuja kutoka Ipililo na koti la marehemu. Waliokuwa bado na mbegu walizitoa kwenye vibuyu na kwenye masufuria. Mzee Maganga alirudisha mfuko wake mkubwa mzima mzima, akaomba radhi kwa Kisukuma kirefu. Waliokuwa wameshapanda walikuna vichwa, wakasema mbegu hazifukuliki, ila mikono ipo, na watakuja kesho na majembe.

Kwa Mayige walikaa muda mrefu. Jina lake lipo mara mbili, tarehe 15 na tarehe 17. Na Generoza alipoliangalia daftari vizuri aliona hata watu wanne wa Ijumaa ambao mimi sikuwatambua walikuwa ndugu wa mkewe. Alitoa debe, zaidi ya viganja vyao vyote. Debe! Mama Nyanjige alilipokea, akamwambia mtoto wa kaka yake kwamba kesho avae viatu vingine.

Jumanne, 21 Novemba

Leo sijui kama niliota au niliishi.

Walikuja watu zaidi ya sitini. Mawingu yalikuwa chini, kijivu cha njiwa, hakuna jua, hakuna kivuli, kila kitu laini. Kamba za kupandia zilikuwa tano. Ya tano ilikuwa ya kwetu, na ilikosa mtu wa kushika ncha ya pili. Generoza alikuwa mbali anagawa mbegu. Watu wakasubiri. Ncha moja ilikuwa mkononi mwa Mama Nyanjige.

Nikaenda nikashika ya pili.

Hatua arobaini kati yetu. Yeye akiangalia upande wa Maswa, mimi nikiangalia upande wa Bariadi. Hatukutazamana, hatukusemezana, hakuna mila iliyovunjwa. Ila kamba haidanganyi. Akivuta nasogea. Nikilegeza anangoja. Kila mstari ukiisha, kamba inatikisika kidogo upande wake, nami najua tuhamie wa pili. Siku nzima tulishika kamba moja. Sijawahi kuongea na mtu vizuri namna ile.

Mayige alipanda akiwa na kandambili. Mistari kumi na minne. Alisema mgongo unamuuma. Wanawake waliimba ili wasimsikie.

Saa nane alikuja Apolonia. Hakuwa amepokea mbegu, hakuwa na deni na mtu. Alileta kiganja chake mwenyewe, ndani ya karatasi. Na nyuma yake alikuwa Mihayo. Alipewa mstari mmoja, wa pembeni. Aliufuata fundo kwa fundo, akihesabu kwa sauti ya chini, hakukosea hata moja. Alipomaliza alisimama ukingoni akiutazama. Mama yake akamshika mkono wakaenda nyumbani. Watu wote tulijifanya tunafunga kamba.

Saa kumi na moja ilikuwa imekwisha. Eka mbili. Jioni ikanyesha, taratibu, kama mtu anayemwagilia bustani yake mwenyewe.

Mama Nyanjige amesema shamba libaki kwa Generoza. Kwa Generoza, amerudia.

Nimejifunza mengi. Nitayaandika siku nyingine.

Jumapili, 3 Desemba

Zimeota!

Nilikwenda alfajiri baada ya kukaa siku kumi bila wazo lolote, na nilikuwa nimeanza kujisikia mgonjwa. Ukungu ulikuwa umelala juu ya shamba. Nikapanda kichuguu. Jua likatoboa kidogo, na nikaiona: mistari. Kijani kibichi, vichipukizi viwili viwili vya majani, kila fundo la kamba limetoa mche wake. Maelfu. Yanatetemeka kwa upepo mdogo. Yananong'ona.

Nikafumba macho, nikafumbua. Koti jeupe lilirudi. Kalamu zote nne.

Kwa sababu, hebu fikirieni. Kila mbegu iliyomo humu ilipita mkononi mwa mwananchi. Kila moja ilipewa maana. Siku ya kwanza ya utafiti, kabla sijageuza, mbegu ya pamba ilimaanisha nini? Ilimaanisha ndiyo! Na wananchi wenyewe, kwa hiari yao, kwa majembe yao, wakiimba, wamekuja kuzifukia ardhini mbele ya mashahidi. Nimekosaje kuliona jambo hili? Bi Jenifer aliuliza waliondoka na nini. Waliondoka na ndiyo, wakairudisha, wakaipanda. Hata katibu wa AMCOS. Hata katekista. Hizi ni eka mbili za ndiyo. Utafiti gani duniani umewahi kuota?

Nilikimbia nyumbani kuandika barua ya Dodoma. Mama Nyanjige alikuwa anaondoka kurudi Ipililo. Nikaingia nyuma ya ghala. Alikuwa amesikia habari ya barua, sijui kutoka kwa nani, labda nilikuwa naongea kwa sauti. Nilisikia akimwambia Generoza amkabidhi mkwe wake jibu lake, maana katika wote yeye peke yake hakuulizwa. Kisha basi likaja.

Generoza alinipa kitu kimefungwa kwenye pindo la kitambaa, fundo dogo, gumu. Uso wake ulikuwa na kitu kati ya kicheko na huruma. Nikakifungua.

Punje moja ya mahindi.

Niliitazama kiganjani kwa muda mrefu. Imekauka vizuri, ya njano, nzima. Nimeguswa sana. Mama mkwe wangu, baada ya yote, ameshiriki.

Nimefungua daftari, ukurasa wa mwisho, chini ya mhuri, nikaandika kwa uaminifu kama mtafiti anavyopaswa. Ndiyo: eka mbili. Hapana: moja.